Sirapu ya Ruracio ya Wambui

Jumamosi iliyopita, nilipoingia jikoni kwa dada yangu Wambui kule Gitothua, harufu ya tangawizi na mdalasini ilinirudisha Thika, jikoni kwa mama.

Alasiri moja ya utotoni mwangu, mama alikuwa akichemsha sirapu ya ruracio ya Wambui, siku ya kupokea mahari. Sisi ni watu wa kanisa, pombe ya muratina haikuingia kwetu, kwa hivyo wageni wangepewa sirapu iliyochanganywa na maji. Baba angemuuliza binti yake mbele ya wazee, "Tunywe?" Akikubali, basi ameolewa.

Sukari ilitokota, karafuu zikicheza juu yake. Mimi nilikuwa nangoja kulamba mwiko. Wambui akaja akasimama mlangoni na nguo yake mpya.

"Mami, na nikisema msinywe?"

Mama hakugeuka. "Haiya! Na sukari yote hii tumwage wapi?"

Nilicheka kwa furaha, maana niliogopa kweli kwamba itamwagwa. Macho ya dada yalikuwa mekundu, nikadhani ni moshi wa kuni. Alipoulizwa mbele ya wageni alisema "Nyweni" kwa sauti ndogo, nami nikapiga makofi kuliko wote.

Ndoa ile ilimrudisha nyumbani na mtoto mgongoni. Mtoto huyo ndiye anayeolewa sasa. Jumamosi, Wambui alizima jiko, akamtazama binti yake, akamwambia polepole:

"Ukitaka tusinywe, sema tu. Nitaimwaga mwenyewe."