Niliiweka timu ya Lindi mkiani kila Jumatatu, na kocha wake ni binamu yangu

Wakuu, kuna simu moja niliipokea nikajibu "sawa." Ingepigwa tena leo, ningesema, "Hapana mwanangu, tafuta mtu mwingine," kisha ningeizima.

Nawasalimu wote wa jukwaa hili la michezo. Vijana, marahaba, najua mlikuwa njiani kuniamkia.

Mimi ni mzee wa Lindi. Elimu yangu ni kidato cha nne cha zamani, na kikapu nimekicheza tangu enzi tukifunga ringi ya pipa kwenye mnazi. Ninayoyaandika yamenitokea mimi mwenyewe. Sitaongeza chumvi, yana chumvi yake ya kutosha.

Aliyepiga simu ni kijana mmoja wa Dar mwenye ukurasa wa michezo mtandaoni. Alikuwa amesoma maoni yangu humu, akayapenda.

"Mzee, tuandikie power rankings za ligi ya kikapu. Kila Jumatatu."

Kwa wasiofuatilia, hiyo siyo msimamo wa ligi. Msimamo unahesabu pointi. Power rankings ni macho ya mwandishi: wiki hii nani ana nguvu, nani amechoka, nani anabebwa na bahati. Timu inaweza kuwa na pointi chache ukaipandisha kwa sababu umeona kitu.

Nikamwambia nitaandika. Akasema, "Ila tusitumie jina lako. Wakijua wewe ni wa Lindi, watasema unaipendelea timu ya kwenu. Tukuite Jicho la Kona."

Hapo ndipo niliposema sawa.

Sasa niwaeleze kuhusu timu yetu. Ndiyo kwanza ilikuwa imepanda ligi kuu. Uwanja wetu uko Mitwero, sakafu ya saruji, upande wa mashariki mpira unadunda vibaya na wenyeji tu ndio wanaojua ni wapi. Wachezaji ni vijana wa hapa hapa. Nahodha wetu Athumani ni wa Kilangala, mrefu mpaka akiingia dukani anainama kama anayerukuu.

Kocha ni Selemani, mtoto wa shangazi yangu. Yaani binamu yangu, na kwa hiyo mtani wangu.

Wakubwa mnalijua hili, lakini vijana wa mjini nawaeleza. Binamu huku kwetu hamsalimiani kwa heshima. Mnatukanana. Mimi na Selemani tumekua pamoja Rutamba, na sikumbuki siku aliyoniita jina langu zuri. Nikifika uwanjani ananipigia kelele mbele ya wachezaji:

"Mchawi amekuja! Shikeni mpira, asije akauroga!"

Namjibu, "Niroge nini, timu yenyewe ilishakufa?"

"Kaa hapo kwenye tofali, na usiimalize saruji yangu kwa macho!"

Watu wanacheka, sisi ndio tunacheka zaidi. Ndivyo tulivyopendana tangu utoto. Hatukuwa na namna nyingine.

Basi ligi ikaanza, tukafungwa. Tukafungwa tena. Jumatatu ya kwanza niliiweka timu yetu mkiani, na ilikuwa haki. Nilitaka pia kuonyesha kwamba Jicho la Kona hapendelei mtu.

Lakini kalamu ina tabia mbaya, ukiisifia inajinoa. Nikaandika kwamba timu ya Lindi inafundishwa kama inavyopikwa ming'oko: inawekwa motoni, kisha mpishi analala.

Ming'oko ni viazi vyetu vya porini, vyembamba, tunavichemsha na kuvila na chumvi na pilipili. Watu wa kuja hutucheka navyo. Maneno yale yalisambaa. Wiki iliyofuata, tukicheza ugenini, uwanja mzima unaimba: "Ming'oko! Ming'oko!"

Nilijua aliyewapa wimbo ni mimi. Nikajiambia, utani tu huu.

Ila wakuu, watu wa Lindi nawavulia kofia. Mechi ya nyumbani iliyofuata, Mama Somoe, anayeuza ming'oko barabarani, alikuja Mitwero na kapu zima. Akawagawia mashabiki wote bure. Kila tukifunga, watu wanainua ming'oko juu. Wageni waliokuja kutucheka walibaki wameduwaa, na wakati wa mapumziko wakawa wanaomba waonjeshwe. Siku ile tulishinda kwa mara ya kwanza.

Nilijisikia fahari mpaka kifua kikauma. Na Jumatatu yake niliwaweka mkiani tena. Niliandika kuwa mechi moja siyo dalili.

Mtaniuliza kwa nini. Jibu ni kwamba wasomaji walikuwa wanasubiri kuona Lindi itasemwaje wiki hii. Nilikuwa na watu wanaonisoma. Katika umri wangu ni nani mwingine anayekusubiri?

Selemani alikuwa anayasoma maandishi yale kwa sauti mazoezini, na mimi nimekaa pale pale kwenye tofali langu.

"Sikilizeni! Huyu Jicho la Kona anasema Athumani anaruka kama mtu aliyebeba ndoo ya maji kichwani."

Athumani akasema, "Kocha, mtu huyu namtafuta."

"Usimtafute, mwanangu. Ruka. Ukiruka atajitokeza mwenyewe." Kisha akanigeukia. "Na wewe mchawi, huwezi kutusaidia kumroga huyu?"

Nikacheka nao. Kicheko kile ninacho mpaka leo.

Vijana wakaanza kushinda. Wakakaza difensi, wakagombania kila ribaundi kama wanagombania mkate wa mwisho wa iftari. Nikawapandisha kidogo kidogo, kwa mkono mzito. Kila mtu alikuwa anaona kitu ambacho mimi, mjuzi, nilikuwa nachelewa kukiandika.

Ikafika wiki ya kwenda Dar kucheza na vinara wa ligi. Wenye ukurasa wakanisihi, "Mzee, mechi hii itie pilipili."

Nikaandika kwamba kocha wa Lindi, tangu mdogo, jambo likiwa gumu huomba aitiwe mama.

Maneno hayo sikuyatunga. Yalitoka jandoni, mimi na Selemani tulipotiwa pamoja tukiwa watoto, na ya jandoni hayasemwi nje. Hata mkeo hamwambii. Ningeweza kuyaficha hapa pia, lakini yalishafika kila mahali, kwa hiyo kuyaficha leo ingekuwa unafiki wa pili. Mkono ulishazoea kumtania, ukaandika kabla akili haijafika. Na nilipoyasoma tena kabla ya kuyatuma, nilicheka, nikayatuma.

Mechi tuliiangalia hapa mjini, dukani kwa Mzee Jaffer, ambaye babu yake alikuja kutoka Bara Hindi na yeye mwenyewe ni Mlindi kuliko sisi. Duka lilijaa mpaka barazani. Timu zinaingia tu, mashabiki wa Dar wakaanza: "Mwiteni mama! Mwiteni mama!"

Mzee Jaffer akauliza, "Hawa wanamwita mama wa nani?"

Hakuna aliyejua. Mimi nilikuwa natazama sandali zangu.

Nilipoinua macho, kamera ilikuwa kwa Selemani. Siku zote huwa anaruka na kupayuka pale kwenye mstari. Siku ile alisimama kimya, mikono nyuma.

Tulikuwa nyuma karibu mechi yote. Mwishoni akaomba muda, wachezaji wakamzunguka. Athumani alinisimulia baadaye alichowaambia: "Mama yangu amelala Rutamba. Hakuna wa kuitwa. Tucheze sisi."

Wakacheza. Wallahi, wakuu, nimeangalia kikapu maisha yangu yote na sijaona difensi ile. Vinara hawakufunga tena. Athumani aliruka bila ndoo yoyote kichwani, akatia kikapu cha mwisho, na duka la Mzee Jaffer likapasuka. Watu wazima walikumbatiana wakilia. Mzee Jaffer akafungua friji la soda, akasema leo hakuna anayelipa. Mama Somoe aliimba nyimbo za unyago ambazo haziimbwi mbele ya wanaume, na hakuna aliyemkemea.

Nilienda stendi kuwapokea. Umati, ngoma, ming'oko juu. Nikajipenyeza mpaka mlangoni mwa basi na matusi yangu tayari mdomoni. Selemani akashuka.

"Wewe mzembe," nikamwambia, "nani amekufundisha kushinda?"

Alinitazama. Akanishika mkono kwa mikono yake yote miwili, akainama kidogo.

"Shikamoo, kaka."

Selemani ni mkubwa kwangu. Hajawahi kunipa shikamoo, na sikustahili kuipata.

Alikuwa amejua. Wote waliokuwa jandoni siku ile wameshatangulia mbele ya haki. Tumebaki yeye na mimi.

Mdomo wenyewe ukajibu, "Marahaba."

Jumatatu ile niliandika kwa jina langu kamili. Nikaiweka timu ya Lindi nafasi ya kwanza, nikasema Jicho la Kona ni nani na nikaomba radhi. Ukurasa ukanitoa, na walikuwa na haki. Timu ilimaliza ligi katika nafasi ya nne, mwaka wake wa kwanza, na vijana wale hawakuhitaji macho yangu kufika pale. Naliandika hili nikiwa nimenyoosha mgongo. Nne, wakuu, kutoka saruji ya Mitwero!

Nilituma wazee kwa Selemani, kisha nikaenda mwenyewe. Alinikaribisha, akanipa chai. "Yamekwisha, kaka," akasema, na najua hakusema uongo. Amenisamehe.

Nililojifunza ni hili: utani husemwa usoni, ili mwenzako naye apate zamu yake. Ukiuvalisha jina la bandia, unakuwa tusi tu. Ninyi mnaoandika humu kwa majina ya kubuni, na mimi ni mmoja wenu, semeni mnalionaje. Hata mkinichana, nitasoma yote.

Bado naenda mazoezini, na bado nakaa kwenye tofali langu. Nikifika, Selemani anasimamisha mazoezi na kuwaambia vijana wampishe mzee apite. Hakuna anayeniita mchawi. Kusema "sawa" kwenye simu ile kulinigharimu mtani wangu wa pekee, na sina mwingine aliyebaki hai.