Fundi na Maswali Manane

Dada yangu mkubwa alikuwa fundi cherehani, na mtaa mzima ulimwita Fundi, hata shemeji. Alikuwa na mdomo. Mteja akileta kitambaa kifupi, alimwuliza kama anataka gauni au leso.

Kwetu tulizaliwa wasichana wanne, na sote tulikuwa watu wa kutokwa damu. Pua zikianza, tuliinama kwenye beseni tukishindana ya nani itakauka kwanza. Jino likitoka, unatema damu siku tatu. Mama alisema damu yetu ni nyepesi, basi, hakuna aliyeshtuka. Kila mmoja wetu alipovunja ungo, Fundi alimshonea sketi nyeusi yenye bitana mara mbili. Mimi, mjinga, nilidhani ni mtindo.

Alipotimiza miaka arobaini na moja walimkuta na mawe kwenye nyongo, akapangiwa upasuaji. Siku moja kabla, nesi alikuja kitandani na karatasi ya maswali manane. Kila jibu lina alama zake. Zikiwa nyingi, madaktari wanajua huyu anaweza kuvuja damu sana, na wanampima zaidi kabla ya kumgusa. Nilikuwa nimekaa ukingoni mwa kitanda.

"Pua inatoka damu?"

"Kawaida tu."

"Ukijikata, damu inachelewa kukatika?"

"Kama watu wote."

"Na siku zako?"

Fundi alinitazama, tukacheka. "Kama za mdogo wangu huyu. Kawaida."

Hakusema uongo. Watu wote aliowajua kwa mambo hayo ni sisi. Mazoea yana taabu, na sisi tulizoea tangu utotoni. Nesi akajumlisha, akapata sifuri, akasema ni vizuri sana.

"Shuleni kwa sifuri nilichapwa," Fundi akasema. "Leo nasifiwa."

Asubuhi walimpasua. Mchana bandeji zikalowa, wakabadilisha, zikalowa tena. Walimrudisha chumba cha upasuaji, wakamwongezea damu chupa baada ya chupa, nayo ikatoka. Kesho yake, kabla ya saa sita, alikuwa ameshatutoka. Nilimkasirikia nesi, nikamkasirikia daktari, nikamkasirikia hata marehemu mama. Hasira ilipokwisha nilibaki na mimi mwenyewe, niliyekaa pale kitandani nikicheka.

Daktari alitupima tuliobaki. Damu yetu imepungukiwa na kitu cha kuigandisha, na tumerithi kwa mama. Dawa ipo. Unachomwa sindano kabla ya kupasuliwa.

Mwaka huu binti yake Fundi alitakiwa kung'olewa jino. Nesi alikuwa mwingine, maswali yaleyale. Mtoto alipoanza kusema pua yake haina neno, nilimkatiza.

"Andika dakika arobaini, nimehesabu kwa saa. Na pedi anabadilisha kila saa moja, akilala anatandika taulo."

Mtoto akainamisha uso kwa aibu. Sikujali.

"Kwenye familia, yupo aliyewahi kufa kwa kuvuja damu?"

"Mama yake," nikasema. Nesi akaandika alama mbili.

Walimchoma ile dawa, wakang'oa jino, na damu ikakatika akiwa bado kwenye kiti. Alitoa pamba mdomoni, akaiona karibu nyeupe.

"Mama mdogo, mama angechomwa hii, angepona?"

Nikamwambia ndiyo.