Kopo Iliyoshika Laini Jangwani

Kama unataka uongo, panda ghorofa ya tatu hapa Pipeline, kuna mama atakwambia bwana yake hushinda kanisani. Mimi sina uongo. Hii kitu niliiona na macho yangu mawili, na wakati huo yalikuwa macho, si haya ya kuazima ya miwani. Na ningekuwa natunga, si ningejiweka mrembo ndani yake? Nilikuwa nimefunga shuka kichwani, nanuka moshi na unga. Niamini tu.

Tulikuwa tunaishi Mbotela, mtaa wa Nairobi, miaka ya themanini, ule mwaka watu walisema kuna nyota ya mkia inapita. Mbotela ya wakati huo, wacha tu. Mifereji, yaani bomba za maji, ilikuwa ya nje, tunatumia wote, na maji yakikuja yanakuja kwa hasira yake. Sasa nani atasimama asubuhi nzima na uji iko jikoni? Kila mama anaweka chombo yake kwa laini ya kungoja maji, debe, sufuria, hata ndara, halafu anarudi kwake. Chombo inasimama badala yako. Mimi ndiye nilikuwa msimamizi. Hakuna mtu alinichagua, ni mdomo tu. Nikifika kwa chombo, naita mwenyewe. Nikiita mara tatu asikuje, naipiga teke inatoka. Hiyo ndiyo ilikuwa sheria na hata mke wa pasta alipigiwa teke yake.

Jirani yangu ukuta kwa ukuta alikuwa Mama Muthoni. Huyo alikuwa anaongea pole pole, kama mtu anafunga mlango na mtoto amelala. Bwana yake alikuwa tanboi, msaidizi wa dereva, kwa lori za kwenda kaskazini. Miaka kadhaa kabla ya hiyo nyota, lori ikaharibika huko jangwani, rejeta ya injini imekauka, akatumwa na kopo yake kutafuta maji. Dereva alirudi Nairobi. Yeye hakurudi. Dereva akasema alimngoja mpaka akachoka, labda jamaa alipata lifti na lori ingine.

Basi watu wakapata ya kusema. Shemeji yake Mama Muthoni alikuwa anakuja pale mlangoni, na sauti yake ya puani: "Huyo alioa huko, anakunywa maziwa ya ngamia. Wewe rudi kwenu, hii nyumba si yako." Miaka ikapita. Mwanamke hawezi kulia, kwa sababu hakuna maiti. Hawezi kukasirika, kwa sababu hakuna mwanamke mwingine wa kuonyeshwa. Muthoni anauliza baba ako wapi, mama anasema ako njiani. Unajua hiyo ni mzigo gani?

Sasa ingia gumbaru. Hiyo ni darasa ya watu wazima, tulikuwa tunafanyiwa kwa holi ya estate, ule ukumbi wa mikutano. Mimi sikujua a wala che, na hata leo sijui, nilikuwa naenda kwa sababu ya vituko. Mwalimu wetu alikuwa kijana mwembamba, anaongea kama mtu anahesabu mayai: "A-ki-na ma-ma. Nyo-ta. Si. Ta-a." Alikuwa na rafiki, padri, huko mbele ya Isiolo, na padri alikuwa na lori ya kupeleka unga misheni. Mwalimu akasema tupande juu ya magunia, twende jangwani na darubini yake ya kubeba, tuone ile nyota kule hakuna moshi wala taa za barabara.

Wengine walienda kwa sababu ya kuona dunia. Mimi nilienda kwa sababu nilikuwa nimechoka na bwana. Mama Muthoni alienda kwa sababu ya ile barabara iliyomeza bwana yake. Aliniambia tukiwa juu ya magunia: "Nikimpata na bibi, nitamsalimia nirudi. Nikimpata kwa kaburi, nitamlilia nirudi. Lakini kurudi tena bila kitu, siwezi."

Njiani aliuliza kila mtu. Isiolo, wapi. Lami ikaisha, akauliza wachungaji, akauliza askari wa kizuizi. Wapi. Tulipofika kwa jangwa, jua likaingia, lori ikasimama. Mama Muthoni akakaa upande wake, mgongo kwetu, uso kwa barabara.

Mwalimu akatoa darubini kwa sanduku. Ilikuwa kitu kama kipande ya mfereji imesimama kwa miguu tatu. Akasema kila mtu atachungulia kwa zamu. Lakini upepo wa huko, jamani! Unaingia mpaka kwa meno. Nani atasimama kwa laini kwa hiyo baridi? Mama mmoja akaweka kikombe yake nyuma ya darubini, akarudi kwa moto. Mwingine akaweka ndara. Mwingine kijiko. Kabla Mwalimu amalize kushangaa, laini ya Mbotela ilikuwa imejipanga jangwani, na mimi niko mbele na mdomo yangu. Tulicheka mpaka dereva wa padri akashuka kuona kama tumelewa.

Naita, mwenye kikombe anakuja, anachungulia, anarudi. Mmoja alisema nyota ziko kama unga umemwagika. Mimi nikachungulia ile ya mkia, nikaona mwanamke ametoka kuoga hajafunga nywele. Mwalimu: "Hi-yo. Ni ba-ra-fu." Sawa, baba.

Sasa sikiliza. Baada ya ndara kulikuwa na kopo. Kopo ya maziwa ya unga, imetobolewa juu, ikawekwa waya ya kushikia, na waya imefungwa kitambaa. Nikaita, "Kopo ni ya nani?" Tukaangaliana kwa moto, kila mtu alikuwa na kitu yake. Nikaita mara ya pili. Akina mama wakaanza: piga teke hiyo, tunagandishwa. Hata mguu nilikuwa nimeinua. Lakini mimi sijawahi kupiga teke chombo ya mtu kabla ya tatu. Nikageukia giza nikasema kwa sauti yangu ya mferejini, "Mwenye kopo, hii ni ya mwisho, kuja ama utoke!"

Akakuja.

Alitokea upande ule hakuna moto, mwanaume, mweupe kwa vumbi kama amelala kwa unga. Midomo yake ilikuwa imepasuka. Na hiyo vumbi sikumtambua uso, nilifikiria ni mtu wa lori ingine. Akatusalimia vizuri, hamjambo akina mama, akaniuliza, "Sasa ni mimi?"

Nikamjibu vile nilikuwa nawajibu wote. "Ni wewe, baba. Harakisha, wengine wameacha watoto."

Hakuchungulia. Akachukua kopo, akaiweka chini ya mdomo wa ile darubini, akainama vile mtu huinama mferejini. Na tukasikia maji.

Mnacheka? Mimi nimelelewa na kulia kwa kopo. Maji yakianza, bati inapiga kelele. Ikifika katikati, sauti inakuwa nene. Ikikaribia mdomo inapanda, inakuwa nyembamba, na mama yeyote hata akiwa ndani ya nyumba anajua kukimbia. Hiyo sauti yote, mwanzo mpaka mwisho, ilipigwa pale, mahali hakuna tone. Mwalimu alikuwa ameshika mguu moja ya darubini, na mdomo wazi.

Mama Muthoni alisikia. Akasimama, akakuja pole pole na tochi ya Mwalimu, akamulika kopo. Kitambaa ya waya ilikuwa ya samawati, kipande ya sare ya Muthoni ya shule, na mshono ni wa Mama Muthoni mwenyewe. Hakupiga nduru. Mimi ningepiga. Akasema, "Baba Muthoni."

Yule mtu hakugeuka, kwa sababu kopo ilikuwa imejaa, hutaki kumwaga. Akasema, "Usinikasirikie. Laini ilikuwa ndefu. Dereva ananingoja."

"Kunywa kwanza wewe," akamwambia. "Gari ingoje."

Akakunywa. Tulimsikia akimeza, akipumzika, akimeza tena, mpaka chini. Halafu tochi ikazima, na ilipowaka, kulikuwa na kopo tu, na mchanga umelowa.

Asubuhi ulikuwa bado umelowa. Mwalimu akasema, "U-man-de." Lakini alifunga sanduku haraka bila kuangalia ule mchanga, na ile darubini sikuiona tena holini mpaka nikahama.

Tuliporudi, Mama Muthoni alikaa matanga. Tukahama kwake wote, tukapika, tukaimba. Shemeji akakuja na pua yake, akapata kopo mezani, akaangalia kile kitambaa, akakaa chini akalia ndugu yake kama mtoto. Hakusema tena mambo ya ngamia, na ile nyumba Mama Muthoni aliishi mpaka siku ya kubebwa kwenda kaburini. Muthoni ndiye aliniletea kopo. Iko chini ya kitanda yangu, na kuna asubuhi naipata na umande ndani, na dirisha nimefunga.

Mbotela imeniacha, wale akina mama nimezika karibu wote. Nyinyi wa hapa Pipeline, tanki ya maji ikija nawaona huko chini, mnapiga teke mitungi ya wenzenu hata bila kuita. Iteni kwanza. Iteni mara tatu, na ya tatu muite mkiangalia giza. Na mtu akikuja, hata akiwa mweupe kwa vumbi, usimuulize alikuwa wapi. Mwambie tu, ni wewe, baba, jaza.