Bia ya Mpaka

Mwaka 2008, nikiwa na miaka arobaini na nne, ndipo shida iliponianza. Utotoni, makazi ya wakimbizi Tanzania, ugali nilishiba. Shule niliishia darasa la tatu, jembe likanifaa zaidi. Shida yangu mimi ilikuwa kurudi nyumbani.

Kwa baba ni Gitega. Nilikuta shamba letu limejaa baba wadogo na wajukuu zao, hata pa kusimamisha baiskeli yangu hakuna. Sikugombana. Nikamchukua mke wangu na familia tano tulizorudi nazo, tukaenda Muyinga, upande wa Giteranyi, ambako ardhi ilikuwa ikiuzwa. Niliuza cherehani niliyotoka nayo Tanzania, nikapata kipande.

Wazee wa mlima, maana huku mlima ndio kijiji, bashingantahe wanaoshuhudia na kuamua mambo ya ardhi, wakaja kupima mpaka kwa kamba. Walipomaliza walikaa chini, wakanitazama.

"We Mswahili," mmoja akasema, ndivyo walivyotuita tuliotoka Tanzania, "bia yetu iko wapi?"

Mimi ni mlokole. Tena Tanzania nilijua shahidi anayedai bia anadai rushwa. Nikawaambia hivyo hivyo, mbele ya watu. Wakajipangusa vumbi, wakaondoka. Nikajiona mwanamume. Wenzangu wa zile familia tano nao, walipopimiwa, wakakataa kama mimi.

Msimu wa pili jirani yangu, mwenyeji, alilima hatua kumi ndani ya mahindi yangu. Nikawaita wazee.

"Mpaka gani?" akasema yule yule. "Siku ile hatukunywa. Basi hatukuona."

"Si ulishika kamba mwenyewe!"

"Kamba mi nilishika. Kuona, sikuona."

Watu walicheka. Wenzangu hawakucheka. Kipande changu kikiliwa, na vyao vimeliwa, na mimi ndiye niliyewaponza. Karatasi ya muuzaji nilikuwa nayo, lakini haikuwa na shahidi hata mmoja. Ndipo nikaelewa: bia ile si malipo, ni sahihi yao.

Mke wangu akasema, "Baba watoto, Mungu hakukukataza kukamua ndizi." Akatengeneza urwarwa, bia ya ndizi, mtungi mzima. Nikawaalika wazee, na jirani pia. Mzee akanisogezea mrija.

"Mimi sinywi."

"Nani amekwambia unywe? Lowesha mdomo tu, tukuone."

Nikalowesha. Chungu ile! Jirani alikunywa kuliko wote, na aliyekunywa ameona. Wakasimama wote, wakanyoosha kamba palepale pa kwanza, wakapanda miti ya mpaka. Jirani akarudisha jembe lake upande wake. Wiki ile ile nyumba zile tano zote zilinuka ndizi.

Tulianza nyumba sita, leo tumepita thelathini, tuna kanisa na soko la Jumanne. Mgeni akija kununua, mimi ni mmoja wa wanaoshika kamba, na bia naidai bila aibu. Mdomo nalowesha tu.

Nilicho nacho leo: nyumba ya matofali yenye bati. Ng'ombe wawili, mbuzi saba. Mashine ya kusaga. Migomba, sijaihesabu. Baiskeli ile ile. Shamba moja, na miti ya mpaka kumi na moja, yote imeshika.