Poda ya Mama Foriwaa

Sista Dufie alikuwa na sheria moja isiyoandikwa ukutani popote, ila kila aliyepita wodi ya koo na shingo pale Kumasi aliijua. Mgonjwa mwenye mrija shingoni haendi nyumbani mpaka ndugu yake mmoja autoe mrija wa ndani, ule mwembamba unaochomekwa ndani ya mkubwa, auoshe na kuurudisha mara tatu, Dufie akitazama, bila kusaidiwa hata kidole. Madaktari waliweza kutia saini watakavyo. Karatasi ya ruhusa ilikaa mfukoni mwake mpaka aridhike.

Watu walimwita jeuri. Jeuri alikuwa nayo, sikatai, lakini ilikuwa na mzizi. Mwaka uliotangulia alimruhusu mzee mmoja, fundi cherehani, arudi kwao Mampong baada ya kuwaonyesha wanawe mara moja tu namna ya kusafisha. Wiki ya tatu makohozi yakakauka ndani ya mrija. Wanawe wakaogopa kuugusa, na mzee akafa wakiwa wameketi naye wakisubiri teksi. Aliyeumwa na nyoka akiona ung'ongo hushtuka, na Dufie alishtuka kila siku.

Sasa alikuwa na Mama Foriwaa, muuza viazi vikuu. Mama huyu aliingia hospitali kwa sababu ya rovu. Rovu lilitolewa salama, lakini mishipa inayofungua njia ya hewa ikalegea, akaanza kukoroma akiwa macho, ikabidi atobolewe shingo na kuwekewa mrija wa kupumulia. Daktari alisema huenda akaishi nao. Mwanamke aliyezoea kubishana na wateja tangu alfajiri sasa hakuweza kutoa neno mpaka azibe tundu kwa kidole. Alijifunza haraka kuliko wote, maana maneno yalikuwa yamemjaa.

Mgonjwa hakuwa tatizo. Tatizo lilikuwa Birago, mdogo wake, ambaye peke yake ndiye aliyekuwa akiishi naye. Birago alikuwa mwoga wa kupindukia. Siku ya kwanza alipofundishwa, alikodolea macho dari.

"Birago, mrija uko darini?" Dufie akamuuliza.

"Hapana, Sista. Nauona."

"Unauona kwa kisogo?"

Foriwaa akaziba tundu. "Mwache, Sista. Huyo hata kuku hajawahi kuchinja. Hukimbilia chooni mpaka supu iive."

"Na supu yenyewe unainywa!" Birago akajibu, machozi yakimlengalenga.

Siku ya pili alitapika. Siku ya nne alifaulu kuutoa mrija, akauangusha sakafuni. Lakini alikuja kila siku, na wiki ya pili ilipokwisha alikuwa ameweza mara mbili kamili. Mara ya tatu mkono ulitetemeka hata Dufie akamshika kifundo cha mkono.

"Hiyo siihesabu," Dufie akasema.

"Sista, umenigusa tu!"

"Nyumbani nani atakugusa?"

Ijumaa asubuhi daktari akasema kitanda kinahitajika. Dufie akajibu sawa, akaitia karatasi mfukoni, akaamua kuwa Birago atarudia mara ya tatu kabla ya mtu yeyote kupita lango. Aliiona nyumba ya Foriwaa kana kwamba amefika: dada mmoja anakosa pumzi, mwingine anakodolea macho dari.

Makatazo yote walikuwa wanayajua. Maji yasimwagike shingoni akioga. Asikae karibu na moshi. Vumbi la harmatani, upepo mkavu wa jangwani, likivuma, afunike tundu kwa kitambaa chenye unyevu. Na fufu, ugali laini wa viazi vikuu, asiimeze kwa pupa, hata kama ameitamani mwezi mzima. Birago aliyakariri yote bila kukosea.

Saa nne, kabla Birago hajarudia, ukoo ukafika kumchukua mgonjwa. Walikuwa wanawake saba, Birago miongoni mwao, wote wamevaa nyeupe ya shukrani, wakiongozwa na Mama Mkubwa Sapomaa, dada mkubwa wa marehemu mama yao, mwenye mwili mkubwa na sauti ya kutosha soko zima. Walikuwa wamemletea Foriwaa kanga nyeupe. Wakamvisha, wakamketisha kwenye benchi uani, na manesi wa wodi jirani wakatoka kutazama. Sapomaa akatoa kopo la poda, ambayo kwao hupakwa mtu aliyeshinda au kuponea jambo.

"Sista Dufie, njoo hapa! Mtu wetu alikuwa amekwenda, wewe ukamrudisha. Hatuwezi kuanza kabla yako."

Ungekuwa wewe ungefanyaje? Dufie alikuwa amewapaka poda dada zake kila walipojifungua, na mjomba wake aliposhinda kesi ya shamba. Mkono wake uliijua kazi hiyo kabla hajaingia shule ya uuguzi. Alilipokea kopo kwa furaha. Akampaka Foriwaa bega la kulia, akampaka la kushoto. Wanawake wakashangilia, wakapunga leso. Naye akainua kopo, akalitikisa juu ya shingo ya Foriwaa mara tatu kwa nguvu, kama anavyofanyiwa mtu aliyeponea chupuchupu.

Wingu jeupe likatanda. Foriwaa akavuta pumzi ili acheke, na pumzi ile haikupitia puani.

Kikohozi cha kwanza kilimwinamisha. Cha pili hakikutoka. Shingoni kukasikika mluzi mwembamba, macho yakamtoka, vidole vikaanza kukwaruza benchi. Wanawake wa nyuma walidhani analia kwa furaha, wakazidi kushangilia. Na Dufie, aliyekuwa nesi kwa miaka kumi na tisa, alisimama na kopo mkononi, akaganda.

"Toka, Sista!"

Birago alimsukuma kwa kiwiko hata akapepesuka. Akapiga goti mbele ya dada yake, akamshika kidevu, akauzungusha mrija wa ndani na kuuchomoa. Ulikuwa umezibwa na ute mzito mweupe. Akautupa.

"Kohoa, dada! Kohoa! Nitemee mimi, usijali nguo, kohoa!"

Foriwaa akakohoa. Donge likaruka likatua kifuani pa Birago, kwenye nguo yake nyeupe. Birago hata hakulitazama. Alifungua pindo la kanga yake alimofunga mrija wa akiba katika kitambaa safi, akautia, akauzungusha ukakaza. Pumzi ikaingia, ikatoka, ikaingia. Mkono wake haukutetemeka.

Sapomaa alikuwa ameshika kichwa.

"Nimekosa," Dufie akasema. "Mama Foriwaa, nimekosa. Vumbi lote nililikataza, hili nikalileta mwenyewe."

Foriwaa akainua kidole chenye poda, akakifuta kwanza kwenye kanga, akaziba tundu.

"Sista, mtihani wako mkali mno." Akapumua. Akaziba tena. "Lakini mdogo wangu amefaulu. Lete karatasi."

Hakuipata papo hapo. Dufie alimrudisha ndani, akaifyonza kwa mashine poda iliyobaki, akamweleza daktari kila kitu bila kujitetea, na daktari akamsikiliza Foriwaa kifua mara mbili. Wanawake saba walingoja benchini mpaka saa tisa, nguo nyeupe zikishika mavumbi, na hakuna aliyethubutu kuligusa lile kopo.

Ndipo Dufie akaitoa karatasi mfukoni. Sapomaa alinyoosha mkono, kwa kuwa yeye ndiye mkubwa wao. Dufie akampita kwa adabu, akampa Birago.

Birago aliipokea, akaikunja, akamshika dada yake kiwiko, wakaenda polepole kuelekea lango. Foriwaa alikuwa ameshaziba tundu, anagombana na mtu juu ya nani abebe beseni. Dufie aliwatazama mpaka wakapotea barabarani, akakaa kwenye benchi na kulia, kwa sababu hao ndio watu wa kwanza aliowaacha waende bila kuogopa tangu fundi wa Mampong afe.