Ukurasa Uliobaki Mweupe

Boke alipita mbele ya studio ya Ngolo saa tatu asubuhi, amejifunga kitenge kipya, binti yake nyuma anang'aa mafuta hadi masikioni. Nyumba ya Boke ni ya tatu kutoka hapo, mtaa uleule wa Kamunyonge. Ngolo alikuwa mlangoni anafuta vumbi kwenye kioo cha picha za maonyesho.

"Safari ya wapi na mapambo yote hayo?" akamuuliza.

"Bunda, baba. Binti anaolewa mwezi ujao. Tunakwenda kupiga picha kwa Fundi."

Kwa Fundi! Mwenzangu, kitambaa kilimdondoka mkononi. Tangu mwaka sitini na tisa, ukisema Fundi mbele ya mtu mwenye shida ya picha, Musoma nzima ilijua unamsema Silasi Ngolo. Leo jirani yake anampita mlangoni, anamsalimia vizuri tu, anakwenda kupanda basi la Bunda kumfuata Fundi mwingine. Na huyo Fundi mwingine Ngolo ndiye aliyemfundisha kushika kamera!

Huyo alikuwa Renatus. Alitoka Kibara mwaka sabini na nane, mtoto wa wavuvi, amefika studio kwa Ngolo viatu kavishika mkononi ili visiishe soli. Ngolo akampa mkeka wa kulalia, akamfundisha chumba cha giza, akamfundisha kuosha picha, kukata karatasi, kumwambia mteja anyanyue kidevu. Ikaja miaka ile mibaya. Sabuni hakuna, sukari hakuna, na filamu ndiyo kabisa. Mwaka themanini na moja Ngolo aliitumia filamu moja miezi minne. Watu walikuwa wanakuja kupiga picha, anawaambia nendeni mrudi mkiwa watatu, niwabane kwenye picha moja. Renatus alivumilia naye hadi hapo, hilo hatumnyimi.

Halafu mambo yakawa ruksa. Mitumba ikaingia, sabuni ikajaa madukani, sangara wakapata bei, na Renatus akapata kamera ya Kijapani kutoka kwa mjomba wake mfanyabiashara. Akafungua studio Manyamanyama, Bunda. Picha za rangi! Filamu anazipeleka Mwanza Jumatatu, Alhamisi picha zimerudi, bibi harusi mwekundu midomo, maua ya kijani. Ngolo alibaki na nyeusi na nyeupe yake. Alisema rangi ni ulaghai, inaficha uso mbovu. Alisema sana. Wateja walimsikiliza kwa heshima, kisha wakapanda basi.

Tusizungukezunguke: ulikuwa wivu. Ulikuwa unamla Ngolo kama mchwa anavyokula mlango, nje rangi inang'aa, ndani unga mtupu.

Sasa, wazo la kitabu lilitoka kwa Renatus mwenyewe. Mwaka tisini na mbili alikuja Musoma na bahasha ya picha kwapani.

"Fundi," akasema, maana yeye hakuacha kumwita hivyo hata siku moja, "tuchapishe kitabu cha picha, sisi wenyewe, tusimngoje mtu. Wewe una picha za miaka ya foleni. Mimi nina za miaka hii ya ruksa. Kumi na moja zako, kumi na moja zangu. Kuna bwana mmoja Mwanza, Clementi, ana mtambo wake, anachapa kalenda na kadi. Tunagawana gharama nusu kwa nusu."

Ngolo alikubali kabla chai haijapoa. Kichwani mwake ulikuwa umeshawaka moto: rangi itakuwa ghali, kwa hiyo kitabu kitakuwa cha nyeusi na nyeupe, na hapo ndipo dunia itakapoona nani fundi na nani muuza rangi. Watu wa Mara watafunua kitabu na kusema, kumbe mwenyewe ni Ngolo. Alilitaka hilo kuliko alivyowahi kutaka chakula. Alikuwa na miaka hamsini na mbili, na aliona jina lake linahamia Bunda yeye akiwa bado hai.

Basi wakatandika picha mezani. Ya Ngolo iliyokuwa bora alikuwa ameipiga Butiama, mbele ya duka la ushirika, siku iliyosemekana sukari inakuja. Watu wamechoka kusimama, wamekwenda kukaa chini, na kwenye foleni wameacha mawe, vikapu, sufuria, kila kimoja kinamshikia mwenyewe nafasi. Foleni ndefu ya mawe na vikapu, mtu hata mmoja hayumo. Picha nzito hiyo, nani atabisha.

Renatus akatoa ya kwake kutoka Kibara. Bwana anasukuma baiskeli, kwenye keria amefunga sangara mkubwa kuliko mtu mzima, na kwa kuwa mkia unataka kuburutika chini, mkewe yuko nyuma ameubeba kwa mikono miwili, kama mpambe anavyobeba shela la bibi harusi. Na mama mwenyewe anacheka! Anacheka mpaka mtu unayetazama unaanza kucheka.

Mke wa Ngolo, Dafroza, aliyekuwa anakoroga uji mzito wa unga kwa ajili ya kubandikia picha, alisogea akaiangalia. "Mama yangu wee!" akasema, akacheka hadi mwiko ukamdondokea mguuni. Ya foleni ya mawe alikuwa ameitazama miaka kumi na moja. Hakuwahi kudondosha kitu kwa ajili yake.

Ngolo aliitafuta kasoro picha ile. Aliigeuza juu chini. Rangi hakuna, lakini sangara anang'aa vilevile, kicheko kiko palepale. Hakuona kasoro, na hilo ndilo lililomuuma.

Walinunua kaunta buku, wakaikata iwe kurasa ishirini na nne, wakaanza kubandika picha ndogo ili kuona kitabu kitakavyokaa. Mara ya kwanza walipanga kwa miaka, kikawa kizito mbele, chepesi nyuma. Wakabandua. Mara ya pili walipanga kwa wilaya, Butiama huku, Bunda kule, kikawa kama ripoti ya bwana shamba. Wakabandua tena. Mara ya tatu Renatus akasema:

"Fundi, tuzitazamanishe. Kila ukifunua, kushoto iwe ya miaka ya foleni, kulia iwe ya ruksa. Jicho linatoka kushoto linakwenda kulia, mtu anaona tulikotokaga na tulipofika."

Lilikuwa wazo zuri. Ngolo alijua ni zuri, na kwa sababu hiyo akalikataa.

"Bwana mdogo," akasema, "nani alikwambia mtu mzima anapewa kitu kwa mkono wa kushoto? Mimi nimekutangulia. Za kwangu zitakaa kulia, za kwako kushoto. Mtu akifunua kitabu, jicho linaangukia kulia kwanza."

Renatus alitazama meza kidogo. "Sawa, Fundi," akasema. Akamwachia Ngolo kazi yote ya kumalizia, akarudi Bunda.

Hapo ndipo Ngolo alipojiachia. Akapanga peke yake wiki nzima, anabandika, anabandua, Dafroza anapika uji wa gundi kuliko uji wa kunywa. Picha ya sangara akaisukumia ukurasa wa pili, mgongoni mwa jina la kitabu, upande wa kushoto, mahali ambapo mtu huwa anapita haraka. Mkabala wake, kulia, akaikalisha foleni ya mawe.

"Umemficha sangara wa watu," Dafroza akasema.

"Yuko mwanzoni kabisa. Anataka nini zaidi?"

"Baba Lukas, wivu huu utakuja kukuumbua." Akaondoka na sufuria yake.

Kaunta buku ikapelekwa Mwanza pamoja na picha zenyewe. Baada ya wiki mbili kondakta wa basi akaleta barua ya Clementi, akataka aandikiwe kwamba imefika. Imeandikwa hivi: kurasa ni ishirini na nne, jina la kitabu moja, picha ishirini na mbili, ukurasa wa mwisho umebaki mweupe. Je, auache hivyo, au wana kitu cha kuweka?

Ukurasa mweupe! Ngolo aliisoma barua mara tatu. Akavaa koti lake la misa, akasimamisha kamera yake kuukuu, akaweka mkono juu yake kama mtu anayeapa, akageuza uso kidogo kushoto kwake, ili pichani uelekee kulia, kwa jinsi wakubwa wanavyopigwa. Dafroza akabonyeza.

"Ya nini hii?" akauliza.

"Ya kumbukumbu."

Akaiosha, akaandika nyuma yake: *Silasi Ngolo, fundi wa kwanza.* Kwa Clementi akaandika: *Picha hii usiiweke mwisho. Iweke mwanzoni, mara tu baada ya jina la kitabu. Hizo nyingine usiziguse, zifuatane vilevile zilivyo.* Renatus hakuambiwa. Ngolo alilala usingizi mtamu ambao hakuwa ameupata tangu Boke apite mlangoni.

Kumbuka hapo ameongeza ukurasa mmoja mbele. Mmoja tu! Clementi, mtu wa kazi, alifanya alivyoandikiwa, neno kwa neno.

Vitabu vilikuja na basi la Jumamosi, na basi la kutoka Mwanza linapita Bunda kwanza. Kwa hiyo Renatus ndiye aliyefungua boksi. Ngolo alijua hilo, na alijiandaa. Jumapili baada ya misa alikuwa amewaalika majirani, Boke akiwemo, na usiku kucha alikuwa amepanga atakachojibu Renatus akija amevimba kuhusu picha ya koti. Alikuwa na maneno makali ya kumtosha.

Renatus aliingia uani watu wameshakaa kwenye mabenchi. Hakusalimia mtu. Alikwenda moja kwa moja hadi kwa Ngolo, akamnyooshea kitabu kwa mkono wa kulia, kiganja cha kushoto kimeshika kiwiko, kama mtu anavyompa baba yake. Macho yake yalikuwa yamelowa.

"Fundi," akasema, "nilikuwaga na hasira na wewe. Nimekusema vibaya kwa mke wangu. Nisamehe."

Ngolo akapokea kitabu, hajui anasamehe nini. Akafunua.

Ukurasa wa pili, kushoto, yeye mwenyewe na koti lake. Kulia, sangara. Na kwa kuwa uso wake pichani ulielekea kulia, alikuwa anamtazama yule mama anayecheka, macho yote kwake. Akafunua tena kwa haraka. Kushoto, foleni ya mawe. Kulia, picha ya mnada aliyoipiga Renatus. Akafunua. Kushoto yake, kulia ya Renatus. Akafunua hadi kidole kikakwama. Ukurasa wake mmoja ulikuwa umezisukuma picha zote hatua moja. Kumi na moja zake zote kushoto, kumi na moja za Renatus zote kulia, hadi picha yake ya mwisho ikaangukia ukurasa uleule uliokuwa mweupe.

"Nilimwomba hivi akakataa," Renatus alikuwa anawaambia watu. "Kumbe alikwenda kulifikiria. Amenipa mkono wa kulia kitabu kizima! Na yeye mwenyewe amekaa kushoto, ananitazamia kazi yangu. Mwalimu gani mwingine angefanya hivyo?"

"Kweli kabisa," akasema Boke, kitabu kimeshafika kwake. "Tazama macho yanavyomwangalia huyo sangara. Mapenzi ya mzazi hayo."

Mapenzi! Ngolo alikuwa anayajua macho yale. Alikuwa ameyaona kwenye kioo miaka mitatu. Alitaka kuwanyamazisha, na kwa mara ya kwanza alitaka kusema ukweli, si kwa wema, bali kwa sababu sifa zile zilikuwa zinamchoma kuliko matusi.

"Ni makosa," akasema. "Mimi nilikuweka kushoto. Niliongeza picha yangu, zikasogea. Sikukusudia."

Uani pote wakacheka kwa upendo.

"Mnamsikia? Hata kushukuriwa hataki!"

"Dafroza, lete ile kaunta buku," Ngolo akasema kwa ukali. Clementi alikuwa ameirudisha pamoja na vitabu, Dafroza ameiweka kabatini. Akaileta bila kumtazama mumewe. Ngolo akaifungua mbele ya Renatus, akagonga kwa kidole. "Tazama. Wewe kushoto. Wewe kushoto. Huyu hapa sangara wako nimemficha mgongoni. Umeona?"

Renatus akazitazama kurasa zile moja moja, akaweka mkono kifuani.

"Kumbe ulibadilisha dakika ya mwisho," akasema taratibu. "Nilidhani ulikubali kirahisi. Kumbe ulipambana na moyo wako, Fundi, ukaushinda."

Mzee mmoja akapiga makofi, na wote wakafuata. Boke akasogea akamshika Ngolo mkono kwa mikono yake miwili.

"Baba, Desemba mdogo wa yule binti yangu naye anaolewa," akasema. "Renatus tumeshamwambia kwa ajili ya picha. Lakini wewe tunataka ukae meza ya mbele, na wazee."

"Asante, mama," Ngolo akajibu.

Watu walipoondoka na vitabu vyao, Dafroza alimwekea ugali na sato. Ngolo hakunawa. Alikuwa amefunua kitabu ukurasa wa pili, anamtazama yule mtu wa koti, ambaye uani pote walikuwa wamemwona leo, aliyempa mwanafunzi wake mkono wa kulia na hakuona uchungu. Alimwonea wivu huyo naye. Alimwonea wivu kuliko alivyowahi kumwonea Renatus.

"Baba Lukas," Dafroza akasema, "nawa ule, samaki anapoa."