Mguu Ambao Haukutajwa

Fundi Kesho, jina alilopewa na wateja kwa sababu zilizo wazi, alishona suti za mabwana harusi miaka thelathini bila kuhudhuria harusi hata moja. Sukari ilimkuta ameketi kazini. Kisha kidonda kikamtoka kwenye unyayo wa kulia, pale hasa panapokutana na kanyagio la cherehani, kikagoma kupona mwaka mzima. Daktari wa upasuaji akaanza kuutazama mguu huo kama fundi atazamavyo suruali iliyozidi urefu.

Likabaki jaribio moja. Hospitali ilikuwa ikitafiti seli shina, chembe changa za mwili zinazoweza kusaidia kuota nyama mpya: zinachotwa kwenye mafuta ya tumbo, zinasafishwa, zinadungwa kuzunguka kidonda. Daktari alieleza nusu saa bila kuahidi kitu. Fundi akafupisha: unakata kitambaa kwenye upindo wa suruali hiyohiyo, unaziba goti. Mkewe akasema afadhali, kitambi kimepata kazi.

Baada ya kudungwa, sharti lilikuwa moja: mguu wa kulia usikanyage chini wiki nane.

Kitanda kilikuwa hatua tatu kutoka kwenye cherehani. Wateja walikuja kumjulia hali wakiwa na vitambaa mkononi. Wiki ya tano kidonda, kilichoanza na ukubwa wa kizibo cha soda, kilikuwa kama kifungo cha shati. Na fundi, msomaji makini wa masharti yanapomfaa, akakumbuka kwamba mguu wa kushoto haukutajwa popote.

Mkewe alipokwenda kazini, akarukaruka hadi kitini, akavua kandambili. Yeye hukanyaga peku. Husema unyayo ndio unaosikia mwendo wa mashine. Wake ulikuwa umetiwa uziwi na sukari siku nyingi. Akashona asubuhi tatu.

Muuguzi alipokuja kubadili bandeji, akaomba kuuona na mguu wa pili. Akachomoa unyayoni pini iliyozama hadi kichwa chake.

"Baba, hii hukuisikia?"

"Nimeitafuta tangu juzi," fundi akasema.

Daktari akaamua: utafiti ulimpokea kwa kidonda kimoja; hiki kipya kitatibiwa kwa njia za zamani, na miguu yote miwili ikae juu. Hadi lini, hakusema. Mkewe akaufungua mkanda wa cherehani, akautia mkobani, akaenda nao kazini.

Mteja akabisha, akauliza kama fundi yupo. Swali hilo lilikuwa limejibiwa kwa uongo miaka thelathini.

"Nipo," akasema.